Ujuzi Ulio Nao Ndio Mtaji: Kijana wa Kiislamu na Kazi ya Usalama wa Mtandao

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi katika darsa la Ramadhan, baada ya swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Amma baad.



Nawashukuru walionipa nafasi hii. Najua saa hizi koo zimekauka, na baadhi ya mama zetu miili iko hapa lakini mawazo yako jikoni kwenye uji na sambusa. Kwa hivyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Mada niliyopewa ni ajira ya usalama wa mtandao. Lakini nataka niiingie kwa mlango wa swali ambalo vijana wetu huuliza sana. Kijana asema: "Mimi nimesoma biashara," au "nimesomea ualimu," au "nimekaa kwenye kibanda cha M-Pesa miaka minne. Kompyuta sikuisomea. Je, kazi hii yanihusu?" Jibu langu ni kwamba yakuhusu, tena pengine umeshaianza bila kujua. Lakini yahitaji ukweli, subira na kusoma. Hebu tuanze na kuijua kazi yenyewe.

KAZI HII NI KULINDA AMANA

Wengi wakisikia usalama wa mtandao huwaza kijana aliyejifunika kofia gizani, vidole vinakimbia kwenye kibodi. Hayo ni ya sinema. Wenye fani hii hufundisha kwamba kinacholindwa ni mambo matatu: siri, usahihi na upatikanaji.

Siri ni kwamba asiyehusika asione. Faili la mgonjwa hospitalini ni la mgonjwa na daktari wake, si la mtaa mzima. Usahihi ni kwamba kilichoandikwa kisigeuzwe kwa hila. Kama daftari la zaka lasema familia 40 zimepewa, zisigeuke 60 usiku. Upatikanaji ni kwamba mwenye haki akihitaji, apate. Tunakumbuka Julai 2023, wakati huduma za eCitizen zilipovurugwa kwa siku kadhaa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitangaza kuwa ndilo lililohusika. Halikuhitaji kuiba kitu. Mlango ulisongwa na wageni wa uongo hadi wageni wa kweli wakakosa pa kupita. Aliyetaka cheti alikwama, na aliyetaka kulipia huduma alikwama pia.

Mambo yote matatu, ukiyatazama kwa jicho la dini, ni amana. Na sisi si wageni wa neno amana. Mtume wetu (S.A.W.) alijulikana kwa jina la Al-Amin kabla hajapewa utume, na usiku wa Hijra alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma ili awarudishie watu wa Makka vitu walivyoweka kwake, ilhali baadhi ya watu hao hao walikuwa wanataka kumuua.

Sasa, ndani ya kazi hii mna kazi nyingi. Kuna wanaokaa zamu mchana na usiku wakitazama kumbukumbu za mitambo, nani ameingia, saa ngapi, kutoka wapi. Kuna wanaojaribu kuvunja milango kwa idhini ya mwenye nyumba ili aonyeshwe palipo dhaifu. Kuna wachunguzi wanaoingia baada ya wizi na kukusanya ushahidi. Kuna wakaguzi na watu wa sera, ambao huangalia kama shirika lafuata sheria. Na kuna wanaofundisha wafanyakazi wasidanganywe. Katika hizo tano, mbili za mwisho hazihitaji mtu awe bingwa wa kuandika programu. Zahitaji mtu anayesoma kwa makini, anayeuliza na anayejua kuzungumza na watu.

WALIOTUTANGULIA HAWAKUANZA SIFURI

Tuanze na Nabii Yusuf (A.S.). Alitoka gerezani akapewa ghala za Misri. Alikuwa na nini? Alikuwa na elimu ya kufasiri ndoto, na uaminifu uliojaribiwa nyumbani kwa bwana mkubwa. Katika aya ya 55 ya sura yake tunasoma kwamba alipoomba kazi ile alitaja sifa mbili, kwamba ni mtunzaji na ni mwenye ujuzi. Ilimu ya ndoto ikawa mpango wa miaka saba ya neema na saba ya ukame. Leo mashirika huita kazi hiyo usimamizi wa hatari na huajiri watu kuifanya.

Zayd bin Thabit (R.A.) alikuwa kijana mdogo aliposifiwa kwa hifdhi yake. Mtume (S.A.W.) akamwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa barua zilihitaji msomaji mwaminifu. Imepokewa kwamba alijifunza kwa muda wa nusu mwezi. Kijana huyo huyo baadaye ndiye aliyekabidhiwa na Sayyidna Abubakar (R.A.) kazi ya kukusanya Qur'ani, na hakutegemea kumbukumbu yake peke yake, alitaka maandishi na mashahidi. Uandishi wa barua ulimpeleka kwenye amana kubwa kuliko zote.

Kisha yupo Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad katika karne ya 9. Aliandika risala ya kufumbua maandishi ya siri. Njia yake ni hii: chukua maandishi ya kawaida ya lugha ile, hesabu kila herufi imetokea mara ngapi. Kisha hesabu alama zilizo kwenye ule ujumbe wa siri. Alama inayojirudia zaidi huenda ndiyo herufi inayojirudia zaidi. Kwa Kiswahili ungeanza na herufi "a", kwani ndiyo imejaa kila mahali. Risala hii ilipatikana tena Istanbul na kuchapishwa katika miaka ya 1980, na wanafunzi wa fani hii duniani kote husomeshwa njia hiyo. Na kuhesabu herufi na maneno ilikuwa kazi ya wanazuoni wa Qur'ani na lugha tangu zamani. Al-Kindi aliichukua zana iliyokuwepo akaitumia pahali papya.

Tuje karibu kidogo. Mwaka 1986 kule California, Marekani, mtaalamu wa nyota aitwaye Clifford Stoll aliishiwa na fedha za utafiti, akahamishiwa kitengo cha kompyuta cha maabara ya Lawrence Berkeley. Akapewa kazi ndogo: hesabu za matumizi ya kompyuta zimepishana kwa senti 75, tafuta kwa nini. Senti 75! Wengine wangesema yaishe. Yeye alifuatilia kama alivyozoea kufuatilia nyota, akiandika kila kitu kwenye daftari, saa na dakika, na kuunganisha mashine za kuchapa kwenye laini za simu ili aone kila neno aliloandika mgeni. Baada ya miezi mingi akamfikia mdukuzi aliyekuwa Hannover, Ujerumani Magharibi, aliyekuwa akiingia kompyuta za jeshi la Marekani na kuuza habari kwa majasusi wa Kisovieti. Stoll hakusomea usalama wa mtandao. Alisomea kutazama kwa subira na kuandika anachokiona.

Na mfano wa mwisho ni wa nchi ya Waislamu wenzetu. Februari 2016 wezi waliingia mitambo ya Benki Kuu ya Bangladesh, wakatuma maagizo New York ya kuhamisha karibu dola milioni 951. Walichagua siku kwa hesabu: Ijumaa Bangladesh ni mapumziko, kisha New York wakafunga Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu ilikuwa sikukuu Manila. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino na nyingi zikapotelea kwenye kasino. Lakini dola milioni 20 zilizokuwa zaenda Sri Lanka zilizuiwa. Zilizuiwa na nini? Na makosa ya tahajia. Mpokeaji alitakiwa kuwa shirika la hisani, na neno la Kiingereza "foundation" likaandikwa "fandation". Benki iliyokuwa katikati ikauliza, na kuuliza kukaokoa milioni 20. Basi mwalimu wa lugha, usijidharau. Karani, usijidharau.

TUNA NINI MIKONONI?

Hebu tujikague mmoja mmoja.

Aliyepita madrasa. Tumefundishwa kwamba hadithi ina sanad na ina matni. Huangalii maneno peke yake, wauliza: nani kasimulia, kaipokea kwa nani, walikutana, ni mkweli, ana hifdhi? Basi baruapepe nayo ina sanad. Nyuma ya maneno unayoyasoma kuna mistari iliyofichwa, kila mtambo uliopitisha barua huandika jina lake na saa. Mchunguzi hufungua mistari hiyo na kuisoma kuanzia mtambo anaouamini, akirudi nyuma kiungo kwa kiungo, akijua kwamba mwongo aweza kubuni viungo vya mwanzo. Barua yasema yatoka benki, kumbe sanad yake yaanzia kwenye mtambo usiojulikana. Hiyo ni dhaifu, bali ni ya kutunga. Na aya ya 6 ya Suratul Hujurat yatufunza tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya mchambuzi aliye zamuni: ameletewa tahadhari 100, atenganishe ya kweli na ya uongo kabla hajafunga akaunti ya mtu asiye na kosa.

Wakala wa M-Pesa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, vijana wetu wangapi wamekaa kwenye vibanda vile? Wewe wakagua kitambulisho na uso. Kila jioni wasawazisha pesa taslimu na zilizo kwenye simu. Waijua meseji ya uongo kwa kuitazama mara moja, kwa sababu imetoka kwa namba ya mtu na salio halioani. Umeshamsikia mzee akisema "nimepigiwa simu na ofisi", ukamwambia "Mzee, usitoe namba ya siri, kata hiyo simu." Mabenki yana vitengo vizima vya kupambana na ulaghai, na wanachotafuta ni jicho hilo hilo.

Mwalimu, wa shule au wa chuoni. Mashirika mengi hupigwa si kwa sababu mitambo ni dhaifu, ni kwa sababu mfanyakazi mmoja alibonyeza kiungo asichokijua. Kumfundisha mtu mzima bila kumdhalilisha, kumrudia mara tatu kwa mifano tofauti, hiyo ni sanaa. Wahandisi wengi hawana. Wewe unayo.

Mhasibu na mweka hazina wa chama. Mama aliyeweka daftari la chama miaka kumi na hapajapotea shilingi ameshika misingi ya ukaguzi. Anayeidhinisha asiwe ndiye anayelipa. Kila kilichotoka kiwe na risiti. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Wahasibu wengi huingia fani hii kupitia ukaguzi wa mifumo ya kompyuta, na cheti kinachojulikana zaidi hapo ni CISA, cha shirika la ISACA, ambalo lina tawi hapa Kenya.

Aliyesoma sheria, au karani wa ofisi. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, pamoja na ofisi ya Kamishna wa Data. Shule, hospitali, sacco, zote zatakiwa zijue zimekusanya habari gani za watu, kwa nini, na zaziweka wapi. Kazi hiyo ni ya kusoma, kuandika na kupanga mafaili.

Na lugha. Anayejua Kiswahili, Kiarabu, Kisomali na Kiingereza ana kitu. Walaghai huandika kwa lugha zetu, na mitambo mingi ya kuwakamata ilifunzwa kwa Kiingereza.

KILICHOPUNGUA KISOMWE

Lakini ndugu zangu, tusidanganyane. Ujuzi huo ni mtaji, haujawa biashara. Kuna ya kiufundi lazima yasomwe, na hakuna dua ya kuyakwepa.

La kwanza, mtandao wenyewe. Kompyuta mbili zazungumzaje? Anwani ni nini? Ukibonyeza jina la tovuti, kwatokea nini mpaka ukurasa ufunguke? Kwa watu wa pwani nawaambia: hata nyaya zenyewe zatua kwetu. Waya wa TEAMS ulitoka Fujairah ukafika Mombasa mwaka 2009. Twaoga juu yake na hatuujui.

La pili, mfumo wa Linux. Ni wa bure, na kompyuta kuukuu yatosha kuanza. La tatu, lugha moja ya programu, kama Python, kiasi cha kusoma faili refu na kutoa unachotafuta. La nne, misingi ya ulinzi yenyewe: nywila, vibali, nakala za akiba, usimbaji, na namna mashambulizi yanavyofanyika.

Hayo yote yaweza kusomwa bila ada kubwa. Cisco wana chuo chao cha mtandaoni chenye kozi ya utangulizi ya bure. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kina michezo ya mazoezi iitwayo picoCTF, bure pia. Dada zetu wana jumuiya ya SheHacks hapa Kenya. Mitihani ya vyeti ndiyo ghali. Security+ ya CompTIA, ambayo wengi huanza nayo, yazidi dola 300. Kwa hivyo usikimbilie kulipa. Soma kwanza, fanya mazoezi, ukiwa tayari ndipo uingie mtihani. Na ukisikia mtu asema "nipe shilingi elfu hamsini, baada ya miezi mitatu nakupa kazi", fanya tabayyun. Wengi huchukua mwaka au zaidi, na kazi ya kwanza aghalabu ni ya msaada wa kompyuta au ya zamu za usiku.

Na wasifu wako wa kuombea kazi uandike kwa ukweli lakini usijipunguze. Usiandike tu "nilikuwa wakala wa M-Pesa". Andika: "Nilikagua vitambulisho vya wateja kila siku, nilisawazisha hesabu kila jioni, nilizuia majaribio ya ulaghai na kuyaripoti." Kama ndivyo ulivyofanya, hujaongeza neno. Kama hukufanya, usiandike. Mtu anayeomba kazi ya kulinda ukweli hawezi kuanza kwa uongo, wala kwa kununua majibu ya mtihani.

MIPAKA YA ALLAH NA MIPAKA YA SHERIA

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, hasa wadogo zangu, maana hapa ndipo pana hatari.

Aya ya 27 ya Suratun Nur yatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tutoe salamu. Kompyuta ya mtu ni nyumba yake. Tofauti ya mlinzi na mwizi si ujuzi, kwani wote wawili wajua kufungua kufuli. Tofauti ni idhini. Wenye kazi hii hutia saini mkataba kabla hawajagusa kitu: mtambo upi, siku zipi, mwisho wapi. Usijaribu kwenye tovuti ya chuo chako wala simu ya rafiki yako, hata kwa nia ya kusaidia. Sheria ya 2018 yasema anayeingia mfumo wa kompyuta bila ruhusa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Na kupeleleza simu ya mke au mume, Suratul Hujurat aya ya 12 imeshalifunga hilo. Mtu akikuletea pesa umfungulie simu ya mwenzake, mwambie haiwezekani.

La pili ni zito zaidi. Ujuzi huu niliousifu, wa lugha, wa kuzungumza na watu, wa kompyuta, una wanunuzi wengine. Mwaka 2022, na tena mwaka 2025, serikali yetu ililazimika kuwarudisha nyumbani Wakenya waliokwama Myanmar. Waliona tangazo la kazi, huduma kwa wateja, mshahara mzuri, Thailand. Walipofika walivushwa mpaka, wakanyang'anywa pasi, wakafungiwa ndani ya makambi na kulazimishwa kulaghai watu mtandaoni, usiku kucha. Waliokataa walipigwa. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa vijana waliosoma, wenye Kiingereza kizuri, waliochoka kukaa bila kazi. Ni sisi sisi.

Na huhitaji kusafiri. Hapa mtaani kijana huambiwa, "Wewe wajua kuongea, kaa na simu hizi tatu, kazi yako ni kumwambia mtu pesa zimetumwa kwake kwa makosa." Ramadhan hii hii kuna wanaozungusha picha za mtoto mgonjwa asiyekuwepo, na safari za Umra zisizokuwepo. Anayeliwa ni nani? Ni nyanya yako, aliyeweka akiba ya Hijja kwa miaka. Tunafunga mchana kwa vilivyo halali, chakula na maji, halafu tufuturu kwa machozi ya mwenzetu? Allah atuepushe.

Ndiyo maana nasema jambo hili si la ajira tu. Kijana mwenye jicho kali na ulimi mwepesi, jamii yake isipompa mlango wa halali, wengine wameshamfungulia wa haramu na wamempigia simu. Tusimsubiri aanguke ndipo tumfanyie hotuba.

Na kuna swali huulizwa kila mara: je, nikipata kazi ya ulinzi kwenye benki ya riba? Hilo si langu kulijibu. Masheikh wapo hapa, waulizeni. Langu ni kusema tu kwamba mlango si mmoja. Hospitali, vyuo, kampuni za simu, bandari, taasisi za serikali, mashirika ya misaada, na benki zinazofuata sharia, zote zina amana za kulinda.

NENO KWA WAZAZI

Baba zangu, mama zangu. Mtoto akikaa na kompyuta usiku si lazima awe anapotea. Muulizeni anafanya nini, na mwambieni awaonyeshe. Akishindwa kueleza kwa Kiswahili cha kawaida, hapo ulizeni zaidi. Akieleza mkaelewa, basi huyo ameanza kuwa mwalimu. Na binti zetu wasiachwe nyuma. Baadhi ya kazi hizi, kama za sera na za mafunzo, hufanyika hata kwa mtu aliye nyumbani. Zipo pia za zamu za usiku, hilo silifichi. Mzungumze nao mapema juu ya usafiri na usalama, badala ya kukataa kabla ya kusikia.

TUANZE WAPI?

Napendekeza mpango wa Ramadhan hii mpaka ijayo, inshaAllah.

Siku zilizobaki za mwezi huu, kila kijana aandike karatasi moja: kazi zote nilizowahi kufanya, za mshahara na za kujitolea, na katika kila moja nilikagua nini, nililinda nini, nilimfundisha nani. Andika hata adhana na usajili wa watoto wa madrasa. Baada ya Idi, miezi mitatu ya mtandao na Linux, saa moja kila siku. Saa moja baada ya Fajr yatosha, ukidumu, kwani amali ipendezayo ni ile idumuyo ijapokuwa ndogo. Miezi mitatu inayofuata, misingi ya ulinzi na mazoezi ya halali. Kisha chagua mlango mmoja kati ya ile mitano, ule unaolingana na karatasi yako.

Na tusisome peke yetu. Watu watano, mara moja kwa wiki, hapa hapa msikitini. Na kazi yetu ya kwanza iwe hapa, kwa idhini ya kamati: daftari la waislamu wanaopokea zaka liko wapi? Nani aweza kulifungua? Je, lina nakala? Kundi la WhatsApp la msikiti lina wasimamizi wangapi, na namba ngapi ni za watu wasiojulikana? Tuwakalishe wazee wetu jioni moja tuwaweke namba ya siri nzuri kwenye simu, tuwafundishe meseji ya uongo yafananaje. Hakuna atakayetulipa, lakini thawabu ipo, na ukienda kwenye usaili ukaulizwa una uzoefu gani, utakuwa na la kusema, tena la kweli.

Mtume (S.A.W.) alimfunza yule bedui amfunge ngamia wake kisha ndipo atawakali. Wengi wetu tumekaa na kamba mkononi na hatujajua kwamba ni kamba. Tuishike.

Ewe Mola wetu, tukubalie funga zetu na visimamo vyetu. Tupe elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Walinde vijana wetu na milango ya haramu, wafungulie ya heri. Warudishe salama walio ugenini katika dhiki. Tujaalie tuwe waaminifu katika tulichokabidhiwa, na wazazi wetu uwarehemu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.